Daftari au simu: mwongozo wa kuchagua chombo cha kupangia siku

Wanaoanza kupanga siku zao huuliza maswali yaleyale, na karibu kila mara huyauliza kwa mfuatano uleule. Kwanza hutaka kujua kama wanunue daftari au wapakue programu. Wiki kadhaa baadaye huuliza kwa nini wamekwisha kuacha kukitumia walichokichagua. Swali la tatu hutoka kwa mtu ambaye tayari ana madaftari mawili yaliyojazwa kurasa chache za mwanzo, pamoja na programu tatu kwenye simu, naye anataka kuambiwa aanze upya na kipi.

Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa utaratibu, na msimamo wangu nauweka wazi mapema. Simu inaweza kukuita saa ikifika na inaweza kumwonyesha mwenzako ratiba yako, mambo ambayo daftari halina namna ya kuyafanya. Daftari nalo hukuwekea siku nzima mbele ya macho bila kukuvuta kwingine, jambo ambalo simu huliweza kwa taabu. Kwa hiyo anayechagua kwa kuangalia uzuri wa jalada au wingi wa vipengele vya programu anachagua kabla hajajua kazi anayotaka ifanywe. Ninaposema shajara, nakusudia chombo chochote cha kupangia siku, kiwe cha karatasi au cha kidijitali.

Mahitaji kabla ya kuanza

Usinunue chochote kwa sasa. Andaa vitu hivi:

- Karatasi sita au saba za kawaida za ukubwa wa A4, kalamu unayoitumia kila siku, na penseli.
- Simu uliyo nayo, pamoja na programu ya kalenda iliyokuja nayo.
- Tarehe zote ambazo tayari zimepangwa: vikao, mitihani, miadi ya daktari, siku za kulipa bili, mwisho wa mikataba.
- Siku saba za kawaida. Wiki ya likizo au ya safari itakupa picha isiyo yako.
- Dakika kumi kila siku, jioni au asubuhi mapema, kwa wakati usiobadilika.

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Asiyeweza kuzipata hizo dakika kumi hatasaidiwa na daftari la bei kubwa wala na programu ya kulipia kila mwezi.

Hatua ya 1: Andika kila ahadi kwa wiki moja

Kunja karatasi moja ya A4 mara mbili ili iingie mfukoni, kisha uende nayo kila mahali kwa siku saba. Kila linapozuka jambo linalokutaka ufanye kitu baadaye, liandike kwa mstari mmoja. Kando yake eleza ulikuwa wapi lilipokujia, kama lina saa maalumu, na kama linamhusu mtu mwingine. Mwishoni mwa wiki rudia mistari yote, uongeze kama jambo lilibadilika, lilitimia au halikuguswa.

Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: «Kikao cha kamati, Alhamisi saa 8 mchana, nimeambiwa kwa simu nikiwa njiani, watu sita, kimesogezwa Ijumaa.» Mwingine unaweza kusomeka hivi: «Kumaliza ripoti, nimekumbuka nikioga, haina saa, ni yangu peke yangu, haijaguswa.» Ukiitazama kwa makini mistari hiyo miwili utaona kwamba inadai vyombo tofauti. Ahadi ya kwanza ilimkuta mtu asiye na meza, inahusu watu wengine, na imebadilika kabla ya siku yake kufika. Ya pili haikusahaulika hata kidogo, kwani mwenyewe aliikumbuka hata bafuni. Kilichokosekana ni muda uliotengwa kwa ajili yake, na kengele ya simu isingeupata muda huo.

Tahadhari: usichuje wakati wa kuandika. Wengi huacha mambo madogo, kama kumpigia mtu simu au kurudisha kitu cha kuazima, kwa kudhani hayastahili kuandikwa, na hayo ndiyo yanayopotea.

Hatua ya 2: Gawa ulichokusanya katika mafungu manne

1. Miadi, yaani jambo lenye siku na saa, ambalo usipofika limekupita.
2. Kazi, yaani jambo linalopaswa kufanyika lakini halina saa, hata kama lina tarehe ya mwisho.
3. Yanayojirudia, kama vile kodi ya kila mwezi, dawa ya kila siku, au kikao cha kila Jumatatu.
4. Maelezo, yaani namba, anwani, wazo, au jambo alilokuambia mtu ambalo utalihitaji baadaye.

Hesabu mistari ya kila fungu. Mwenye miadi mingi na kazi chache ana tatizo la saa. Mwenye kazi nyingi na miadi michache ana tatizo la kuamua, na huyu ndiye mara nyingi hupakua programu yenye kengele nyingi halafu akashangaa kwamba hakuna kilichobadilika.

Hatua ya 3: Jibu maswali haya ukiwa na karatasi mkononi

Majibu yatoke kwenye wiki uliyoiandika. Yasitoke kwenye picha uliyonayo kuhusu mtu unayetamani kuwa.

1. Ratiba yako hubadilika mara ngapi? Kwa kipimo changu, ikiwa theluthi moja ya miadi ilisogezwa au kufutwa, karatasi itakuchosha kwa kufuta na kuandika upya. Miadi ya kidijitali husogezwa kwa kidole, na walioalikwa hupata taarifa papo hapo.

2. Nani mwingine anahitaji kuiona? Wanandoa wanaogawana safari za watoto, au timu inayotafuta saa ya kukutana, wanahitaji kalenda inayoonekana kwa wote. Daftari huonekana na yule aliyelishika tu.

3. Je, unasahau au unaahirisha? Hili ndilo swali lenye uzito mkubwa zaidi, nalo huulizwa mara chache. Kusahau hutibiwa na kengele. Kuahirisha hakutibiwi na kengele. Mtu huizima, na baada ya kuizima mara kadhaa hujifunza kuizima bila hata kuisoma. Anayeahirisha anahitaji kuiona kazi yake, kuikata vipande, na kuitafutia nafasi kati ya miadi, na shughuli hiyo huenda vizuri kwenye ukurasa ulio wazi.

4. Ahadi mpya hukukuta wapi? Ikiwa nyingi zilikujia ukiwa umesimama, njiani, au mikono ikiwa na shughuli, chagua kile ambacho huwa nacho kila wakati. Kwa watu wengi hicho ni simu. Anayekaa mezani siku nzima hana kizuizi hicho.

5. Ukifungua simu kuangalia ratiba, unafika kwenye ratiba? Jipime kwa siku mbili. Weka alama kwenye karatasi kila unapofungua simu kwa ajili ya kalenda, na alama nyingine kila unapojikuta unasoma ujumbe au unatazama video kabla ya kuifikia. Alama hizo mbili zikikaribiana kwa wingi, panga siku yako nje ya simu.

6. Kuna siri ndani yake? Daftari lililosahauliwa mezani halina kufuli. Kalenda ya simu ina nenosiri, lakini yaliyomo huhifadhiwa kwenye seva za kampuni, na akaunti ya kazini iko chini ya mamlaka ya mwajiri. Miadi ya hospitali au ya usaili wa kazi nyingine haina sababu ya kukaa kwenye kalenda ya ofisi.

7. Macho na mikono yako yanasemaje? Maandishi ya simu yanaweza kukuzwa, kusomwa kwa sauti, na kuingizwa kwa kusema. Asiyeona vizuri au anayeumwa vidole amekwisha kupata sehemu kubwa ya jibu lake hapo.

Huenda umewahi kusikia kwamba utafiti umethibitisha ubora wa karatasi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo walichapisha matokeo ya jaribio la vijana 48 walioandika ratiba ileile kwa vyombo tofauti. Waliotumia daftari walimaliza kwa takriban dakika 11, wa kishikwambi dakika 14, na wa simu dakika 16. Waliotumia karatasi walionyesha pia shughuli kubwa zaidi katika baadhi ya sehemu za ubongo walipokuwa wakikumbuka. Hayo ni ya kuvutia, lakini jaribio hilo lilihusu kuandika na kukumbuka ndani ya muda mfupi. Halikupima nani aliyefika kwenye miadi yake wiki tatu baadaye, kwa hiyo lisikuamulie.

Hatua ya 4: Fanya uamuzi

Chagua karatasi peke yake ikiwa miadi yako ni michache na haibadiliki sana, hakuna anayehitaji kuiona ratiba yako, na tatizo lako kubwa ni kuahirisha au kuvutwa na simu.

Chagua simu peke yake ikiwa miadi ni mingi na inahamahama, unashirikiana na wengine, au unasahau yanayojirudia kama vile dawa na bili.

Chagua vyote viwili ikiwa miadi inakusumbua na kazi zinakusumbua pia. Watu wengi wenye ajira na familia huangukia hapa, na hakuna aibu yoyote katika hilo mradi ufuate kanuni iliyo katika hatua ya 7.

Tahadhari: uamuzi huu hauhusu maisha yako yote, ni wa wiki nne tu. Anayetafuta chombo cha kudumu huishia kutafuta, kwa sababu kutafuta chombo kunafanana na kufanya kazi na hakudai kitu.

Hatua ya 5: Kwa aliyechagua karatasi

Anza na ukubwa, nao ujaribu kabla ya kulipa. Karatasi ya A4 ikikunjwa mara moja hutoa A5, yenye milimita 148 kwa 210, na ikikunjwa mara mbili hutoa A6, yenye milimita 105 kwa 148. Tengeneza kijitabu cha kila ukubwa, chora mistari kwa mkono, na utumie kila kimoja kwa siku tatu. A6 huingia mfukoni lakini haitoshi siku yenye miadi mitano na maelezo yake. A5 inatosha, ila inahitaji mkoba. Shajara ya A4 hubaki mezani, na shajara inayobaki mezani humfaa tu yule ambaye naye hubaki mezani.

Kisha chagua mpangilio. Ukurasa mmoja kwa siku humfaa mwenye kazi nyingi na maelezo mengi. Wiki nzima katika kurasa mbili humfaa mwenye miadi ya saa maalumu, kwa kuwa huona mara moja siku iliyojaa na iliyo tupu. Iwapo huna uhakika, chukua lisilochapishwa tarehe, kwa sababu wiki uliyoiruka haitakuachia kurasa tupu za kukusuta.

Mwisho, jaribu karatasi kwa kalamu yako mwenyewe. Andika mistari mitatu, subiri kidogo, geuza ukurasa na uangalie kama wino umepenya. Unene pekee haukuhakikishii lolote: karatasi ya kawaida ya kuchapia ina gramu 80 kwa mita ya mraba na bado wino wa kalamu ya kujaza huweza kupenya, ilhali kuna karatasi nyembamba za Kijapani za gramu 52, kama Tomoe River, zinazosifika kwa kustahimili wino huohuo. Angalia pia kama daftari linalala wazi mezani bila kushikwa. Lisilolala hujifunga lenyewe, na daftari lililofungwa halikuonyeshi kitu.

Miadi ambayo haijathibitishwa iandikwe kwa penseli. Ndani ya jalada andika namba ya simu ya kumrudishia mwenyewe, usiandike anwani ya nyumbani. Kila mwisho wa wiki piga picha kurasa za miadi ijayo. Hiyo ndiyo nakala akiba yako pekee.

Tahadhari: rangi, stika na michoro viache hadi wiki ya tano. Ukurasa unaohitaji kalamu sita hautajazwa siku ya taabu, na siku ya taabu ndiyo inayohitaji mpango kuliko zote.

Hatua ya 6: Kwa aliyechagua simu

Tumia kalenda iliyokuja na simu kabla ya kupakua nyingine. Mara nyingi inatosha, na ikishindwa utajua kwa uhakika inashindwa wapi. Ifanyie majaribio manne.

Kwanza, weka simu katika hali ya ndege, ongeza miadi, uifunge programu na uifungue tena. Isipoonyesha miadi hiyo, haifai kwa mtu anayepita mahali pasipo na mtandao. Pili, tengeneza miadi inayojirudia kila Jumatatu, halafu usogeze wiki moja tu bila kuziharibu nyingine. Tatu, jaribu kuweka vikumbusho viwili kwenye miadi mmoja. Nne, hamisha data yote iwe faili yenye kiambishi .ics na uifungue kwenye programu nyingine. Muundo huo, iCalendar, ulichapishwa mwaka 1998 katika hati ya viwango vya intaneti iitwayo RFC 2445 na ukafanyiwa marekebisho mwaka 2009 kama RFC 5545, nao ndio unaowezesha kalenda ya kampuni moja kusomwa na programu ya nyingine. Ikiwa programu haikupi njia ya kutoa data yako, iache hata kama ni nzuri. Siku ikifungwa au ikipandisha ada, utaondoka mikono mitupu.

Baada ya hapo rekebisha arifa. Kila miadi iwe na kikumbusho cha siku moja kabla, ili upate nafasi ya kujiandaa au kuahirisha kwa adabu, na kingine cha saa ya kuondoka. Wengi huacha kikumbusho cha dakika kumi kilichowekwa na programu yenyewe, ambacho hulia mtu akiwa bado nyumbani na kikao kiko mwendo wa dakika arobaini. Zima arifa za programu nyingine kadiri uwezavyo, maana arifa muhimu ikiingia katikati ya arifa ishirini za matangazo haisikiki. Angalia pia kama hali ya kuokoa betri haicheleweshi vikumbusho. Katika baadhi ya simu hufanya hivyo bila kukuambia.

Kazi zisizo na saa usizitupe kwenye kalenda kama miadi ya kubuni ya saa 3:00 asubuhi. Ziweke katika orodha ya kazi, na ziingie kwenye kalenda pale tu unapokusudia kweli kuzifanya saa hiyo.

Hatua ya 7: Kwa aliyechagua vyote viwili

Kanuni ni moja: kila aina ya jambo iwe na makao mamoja, na nakala iende upande mmoja tu. Miadi na yanayojirudia hukaa kwenye simu. Kazi na maelezo hukaa kwenye daftari. Kila jioni nakili miadi ya kesho kutoka simu kwenda kwenye ukurasa wa kesho. Usinakili ya wiki nzima, na usinakili kutoka daftari kwenda simu.

Sababu yake ni nyepesi. Ukinakili wiki nzima Jumapili, halafu Jumanne miadi ya Alhamisi ikasogezwa, daftari litabaki na saa ya zamani, na Alhamisi utaliamini. Ukinakili siku moja tu, muda wa kukosea unakuwa wa saa chache. Vyombo viwili vikipingana, simu ndiyo ya kusadikiwa kwa habari ya miadi, bila mjadala.

Isipokuwa jambo moja tu: ukipata ahadi mpya ukiwa na daftari tu, iandike na uizungushie duara. Duara linamaanisha bado haijaingia kwenye simu. Usilale kabla hujayamaliza maduara.

Hatua ya 8: Jaza ukurasa wa siku

Utaratibu huu unafaa kwenye karatasi na kwenye skrini pia.

1. Andika miadi kwanza, ikiwa na muda wa kwenda na kurudi.
2. Hesabu saa zilizobaki wazi. Mara nyingi ni chache kuliko ulivyodhani, na hapo ndipo orodha ya kazi kumi na mbili inapogeuka kuwa ndoto.
3. Chagua kazi zisizozidi tatu ambazo siku haitahesabika bila hizo, na kila moja uipe nafasi yenye mwanzo na mwisho.
4. Andika kila kazi kwa kitenzi cha kitu kinachoweza kufanyika. Badala ya «ripoti», andika «kuandika sehemu ya bajeti ya ripoti, saa 4:00 hadi 5:30». Neno moja tupu hukulazimisha kufikiri upya kila unapoliona, na mtu aliyechoka huliruka.
5. Acha saa moja au zaidi bila kitu.

Kuhusu muda, wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 jinsi watu wanavyokadiria kazi kwa matumaini mema, hata wanapojua kwamba kazi za namna hiyo zilichelewa zamani. Dawa waliyoipendekeza ni kuangalia kazi zinazofanana zilichukua muda gani hasa. Kwa hiyo mwisho wa kila kazi andika muda uliotumika kando ya muda uliokadiria. Baada ya wiki mbili utakuwa na kipimo chako mwenyewe, na hutahitaji ushauri wa mtu.

Kazi ambayo haikufanyika isogezwe mbele kwa kuiandika upya. Ikisogezwa mara tatu, isisogezwe ya nne: ifute, mpe mtu mwingine, au ikate hadi ibaki sehemu inayomalizika kwa dakika kumi na tano. Hapa daftari lina faida ambayo wengi huiona kama kasoro, kwa kuwa kuiandika kazi ileile mara ya tatu kwa mkono huudhi, na maudhi hayo hukulazimisha kuamua. Programu husogeza kila kitu kimyakimya, na orodha hufika kazi themanini bila mwenyewe kuhisi uzito wowote.

Hatua ya 9: Jaribu kwa wiki nne

Usibadilishe chombo ndani ya wiki nne, hata ukisikia habari za kingine kizuri zaidi. Kila mwisho wa wiki andika majibu mafupi: ni miadi gani iliyonipita, ni kazi gani iliyosogezwa mara nyingi, na ni siku ngapi sikuifungua shajara. Baada ya wiki ya nne rudi kwenye maswali ya hatua ya 3, uangalie kama majibu bado ni yaleyale.

Matatizo yanayotokea na namna ya kuyatatua

*Nasahau kuifungua shajara.* Iambatanishe na jambo ambalo halikosekani. Daftari lilale juu ya kompyuta iliyofungwa, au kando ya mswaki. Kwenye simu, weka kalenda iwe kitu pekee katika ukurasa wa kwanza wa skrini.

*Nimeruka siku tisa.* Usijaze zilizopita. Geuza hadi leo, pitia haraka kazi zilizoachwa, chukua zile tu ambazo bado zina maana, na uendelee.

*Arifa zinalia lakini sizisikii tena.* Zimezidi. Ondoa vikumbusho kwenye kila kitu ambacho ungekumbuka bila kukumbushwa, kisha badilisha mlio wa vilivyobaki.

*Miadi inaonekana mara mbili.* Huenda uliingiza faili ya .ics huku akaunti ileile ikiwa imeunganishwa na simu. Faili iliyoingizwa ni nakala isiyojisasisha; iondoe na ubaki na akaunti iliyounganishwa.

*Saa za miadi zimebadilika nilipovuka mpaka.* Simu imefuata saa za eneo jipya. Miadi ya mtandaoni na watu wa mbali iache ibadilike, kwani hivyo ndivyo ipasavyo. Dawa na mambo mengine yanayofuata saa ya mahali ulipo yawekwe bila ukanda wa saa, ikiwa programu inaruhusu.

*Daftari limepotea.* Fungua picha za kurasa ulizopiga mwisho wa wiki, andika upya miadi ijayo, kisha waulize watu wawili watatu ulioahidiana nao hivi karibuni. Kazi zilizopotea usizitafute kwa nguvu. Zenye uzito zitadaiwa na wenyewe.

*Kazini nimelazimishwa kutumia kalenda yao.* Itumie kwa ajili ya miadi ya kazi tu, na akaunti yako binafsi ibaki tofauti. Simu nyingi huonyesha kalenda mbili katika mwonekano mmoja kwa rangi tofauti bila kuzichanganya. Ili wenzako wasikupangie kikao juu ya miadi yako binafsi, weka kwenye kalenda ya ofisi kizuizi chenye neno «Sipo» bila maelezo mengine, na siku miadi hiyo ikifutwa kumbuka kukiondoa kizuizi nacho.